Mwongozo upo, mbona wateja bado wanapiga simu?

*“Habari mtaalamu. Nipo kwenye kampuni ndogo inayouza programu ya stoo na mauzo kwa maduka ya dawa. Mimi ndiye ninayeandika mwongozo na mimi ndiye ninayepokea simu za wateja. Mwongozo wetu ni PDF ya kurasa 64, kwa Kiswahili, tunawatumia kwa WhatsApp. Mwaka huu nimebadilisha fonti, nimeweka rangi za kampuni, nimeongeza picha ya skrini kwenye kila hatua, na nimenyoosha maandishi kingo zote mbili kama kitabu. Bado naulizwa mambo yaliyo ukurasa wa tatu! Wenzangu wanasema Watanzania hatusomi, na bosi anataka tuachane na maandishi tutengeneze video. Pia nilipima maandishi yangu kwa kipimo cha usomekaji cha mtandaoni, nikaambiwa ni magumu mno. Je, tatizo ni mpangilio kweli, au najisumbua bure? Nianzie wapi?”*

Pole na simu. Tukiweka lawama pembeni, swali lako ni hili: kwa nini mtu mwenye jibu kwenye simu yake anaona nafuu kukupigia kuliko kulitafuta? Ndiyo, tatizo ni mpangilio, ila si ule ulioushughulikia. Fonti na rangi ni sura ya ukurasa. Kinachokuletea simu ni safari ya jicho: kutoka kwenye programu kwenda kwenye mwongozo, na kurudi.

Kabla ya hapo, hili la “hatusomi” tulimalize. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa Kidenmaki aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alieleza kwamba asilimia 79 ya watu aliowapima walipitisha macho tu juu ya ukurasa mpya wa wavuti, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Miaka ya 1980, John Carroll na wenzake wa kampuni ya IBM waliwatazama wafanyakazi wa ofisini wakijifunza programu za kuandikia. Watu waliruka kurasa, wakajaribu vitufe, wakarudi kwenye kitabu walipokwama tu. Walipopewa mwongozo mwembamba uliojengwa kwa kufuata tabia hiyo, walijifunza kwa muda mfupi zaidi. Hao hawakuwa Watanzania. Ndivyo alivyo mtu yeyote mwenye kazi mkononi.

Sasa mtazame muuzaji wako. Mzigo umefika, dereva anasubiri saini, mteja kaegemea kaunta. Anafungua mwongozo kwenye simu, anasoma agizo moja, anageukia kompyuta kulitekeleza, anarudi kwenye simu. Kichwani alibeba vitu viwili vitatu tu, kwa sekunde chache: jina la kitufe, pengine na mahali kilipo. Akirudi anahitaji kuona papo hapo alipoishia. Akipotea mara moja ataanza upya. Akipotea mara ya pili atakupigia, na hapo ana haki, maana simu yako ina kasi kuliko PDF yako.

Kwa hiyo kila uamuzi wa mpangilio upime kwa maswali matatu: ataupata ukurasa? Ataupata mstari? Akiondoa macho, ataweza kurudi pale pale?

PDF kwenye simu: hesabu inayokataa

Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha simu ya kawaida, ukiishika wima, kina upana wa karibu milimita 70. Ukurasa wako unaingia humo ukiwa theluthi moja ya ukubwa wake, hivyo herufi za pointi 11 zinasomwa kama za chini ya pointi 4. Hakuna fonti itakayokuokoa hapo. Muuzaji anavuta kwa vidole viwili, anapata nusu ya mstari, anasogeza kulia amalizie, anarudi kushoto kutafuta mstari unaofuata. Halafu anageukia kompyuta, kioo cha simu kinazima, akirudi hajui alikuwa wapi.

Dawa yake ni kurasa za wavuti zinazojipanga kulingana na upana wa kioo: ukurasa mmoja kwa kazi moja, wenye kiungo chake mwenyewe. Mteja akiuliza kwa WhatsApp, unamtumia kiungo cha kazi hiyo peke yake badala ya kitabu kizima. Bora zaidi, kurasa hizo zikae ndani ya programu, ili intaneti ikikatika dukani msaada usikatike nao. Na neno “Msaada” lililo kwenye skrini ya kupokea mzigo lifungue ukurasa wa kupokea mzigo moja kwa moja. Programu nyingi hulielekeza kwenye jalada la mwongozo, mtu aanze kutafuta upya kile ambacho mashine tayari ilijua anakifanya.

PDF bado ina kazi yake, nayo ni kuchapwa. Kazi tatu nne za kila siku, kwenye karatasi moja yenye herufi za pointi 12 au zaidi, ipigwe laminesheni na kubandikwa kando ya kompyuta. Karatasi hiyo haizimi kioo na haihitaji bando.

Picha ya skrini kwa kila hatua

Hapa wengi wenye nia njema huteleza. Picha ya skrini nzima ya kompyuta ndogo mara nyingi ina upana wa pikseli 1366. Kwenye simu inabanwa hadi takriban pikseli 360. Maandishi ya programu yaliyokuwa na kimo cha pikseli 14 yanabaki chini ya 4: ukungu mtupu. Msomaji haoni kitufe, ila picha imeshakula nafasi yote, na hatua ya 2 imesukumwa mbali na hatua ya 3. Ulidhani unamsaidia asipotee, kumbe umemwekea ukuta kila baada ya mstari mmoja.

Weka picha pale tu ambapo maneno hayatoshi: kitufe ni alama isiyo na jina, au skrini ina sehemu mbili zinazofanana. Kata sehemu inayohusika pekee, yenye upana wa pikseli 400 hadi 600, na uache kidogo cha kumwonyesha yuko kona gani ya skrini. Ihifadhi kwa umbizo la PNG, kwa sababu lile la JPEG huchafua kingo za herufi. PNG ikiwa nzito, punguza idadi ya rangi hadi 256. Skrini za programu huvumilia hilo bila tofauti ya kuonekana. Lenga chini ya kilobaiti 100 kwa picha, maana anayelipia bando ni mteja wako. Mshale au duara moja linatosha. Na maneno ya hatua yajitegemee: picha ikikataa kufunguka, kazi iendelee.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Mkibadilisha rangi ya menyu tu, picha zote zinazeeka kwa mpigo, na msomaji anayeona skrini isiyofanana na yake hudhani amekosea.

Mistari, kingo na rangi

Kunyoosha kingo zote mbili kulifaa kitabu chenye safu pana na mhariri wa chapa. Kwa Kiswahili kwenye simu kunaharibu, na sababu iko kwenye lugha yenyewe. Maneno yetu hubeba viambishi vingi: “yaliyokwishathibitishwa” lina herufi 23. Mstari wa simu unabeba kama herufi 40. Neno refu likikosa nafasi huruka mstari unaofuata, na yale machache yaliyobaki juu yanatanuliwa yafike ukingoni. Yanatokea mapengo meupe yanayoteremka ukurasani kama mito, nalo jicho hufuata mto badala ya mstari. Panga kushoto, kulia kuachwe bila kunyooshwa. Kila mstari ukiishia pake, ukingo wa kulia unakuwa na umbo, na umbo hilo ni mojawapo ya alama ambazo jicho hutumia kurudi lilipotoka.

Kwenye kompyuta tatizo hugeuka. Ukurasa ukitanda kioo kizima, mstari unafika herufi 150 na zaidi, na jicho likirudi kushoto hukanyaga mstari uleule au huruka mmoja. Zuia upana ubaki kati ya herufi 45 na 75. Ukitumia CSS, lugha ya kupanga sura ya kurasa za wavuti, kikomo cha 34em (mara 34 ya ukubwa wa herufi) kwa herufi za pikseli 16 kinakufikisha karibu na herufi 68. Nafasi kati ya mistari iwe mara 1.5 ya ukubwa wa herufi. Nafasi juu ya kichwa kidogo izidi ile ya chini yake, ili kichwa kishikamane na mambo yake badala ya kuelea katikati.

Kuhusu rangi za kampuni, neno moja: kijivu. Maandishi ya kijivu cha #999999 juu ya nyeupe yana uwiano wa utofauti wa takriban 2.85 kwa 1, ilhali miongozo ya ufikikaji ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Duka lenye mlango wazi na jua la saa saba litayafuta kabisa. Tena usimwambie mtu “bonyeza kitufe cha kijani” ukaishia hapo, kwani wapo wanaume wasioweza kutofautisha kijani na nyekundu. Taja maandishi ya kitufe.

Ondoa “Jinsi ya”

Chukua yaliyomo ya mwongozo wako uangalie ukingo wa kushoto. Bila shaka yanasomeka: Jinsi ya kupokea mzigo, Jinsi ya kurudisha dawa, Jinsi ya kufunga siku, Jinsi ya kuhesabu stoo. Anayepitisha macho hushuka ukingoni humo akisoma neno la kwanza au la pili la kila mstari, na wewe umempa “Jinsi ya” mara arobaini. Andika Pokea mzigo, Rudisha dawa kwa msambazaji, Funga mauzo ya siku, Hesabu stoo. Kitenzi kimekaa mbele na jicho lina cha kushika.

Hata “Kupokea”, “Kurudisha”, “Kufunga” ni afadhali, ingawa ukiyapanga kialfabeti yote yanaangukia K na faharasa inakosa maana. Na vichwa vya aina ya “Moduli ya Manunuzi” vifute bila huruma. Mteja hakuja na swali kuhusu moduli. Amekuja kwa sababu amekosea idadi na anataka kusahihisha.

Vichwa viwe vichwa kweli ndani ya msimbo wa ukurasa, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mistari iliyokozwa tu haitoshi, kwa sababu asiyeona hutumia kisoma-skrini, programu inayomsomea ukurasa kwa sauti, kinachoruka kutoka kichwa hadi kichwa. Weka pia lang="sw", alama ya kusema lugha ni Kiswahili, mwanzoni mwa msimbo huo. Bila hiyo, kisoma-skrini kinaweza kuyatamka maneno yako kwa sauti ya Kiingereza, na hakuna atakayeambulia kitu.

Hatua zenyewe, kwa karibu

Aya ya kawaida katika miongozo ya namna hii husomeka hivi:

*Ili kupokea mzigo, mtumiaji anatakiwa kuingia kwenye moduli ya Manunuzi ambapo atachagua Pokea Mzigo, kisha atachagua msambazaji na kuingiza dawa, idadi, namba ya bechi na tarehe ya kuisha muda, kisha kubonyeza Thibitisha. Ikumbukwe kwamba baada ya kuthibitishwa, idadi haiwezi kubadilishwa.*

Hakuna uongo humo, lakini haitumiki. Onyo limekuja baada ya kitufe: anayefuata mstari kwa mstari ameshabonyeza. Hakuna pa kurudisha jicho. Na kile kinachowakosesha watu hasa hakimo. Ijaribu hivi:

Pokea mzigo kutoka kwa msambazaji

Uwe na ankara ya msambazaji na maboksi yenyewe. Namba ya bechi ipo kwenye boksi.

Hakiki idadi kabla ya kuthibitisha. Ukishathibitisha, haibadiliki.

1. Fungua Manunuzi, kisha Pokea Mzigo.
2. Kwenye Msambazaji, chagua jina lililo kwenye ankara.
3. Andika jina la dawa, kisha idadi. Idadi ni ya vidonge, si ya maboksi: boksi 10 za vidonge 100, andika 1000.
4. Andika Bechi na Mwisho wa Matumizi kama zilivyo kwenye boksi.
5. Kama kuna dawa nyingine, bonyeza Ongeza Mstari, rudia hatua ya 3 na ya 4.
6. Linganisha jumla na ankara. Zikilingana, bonyeza Thibitisha.

Utaona neno Imepokelewa juu ya orodha. Ukiona Bechi ipo tayari, bechi hiyo iliingizwa kwenye mzigo wa zamani: fungua mzigo huo kwanza uhakikishe huupokei mara mbili.

Angalia mambo machache hapo. Namba za hatua ni vigingi vya kurudia. Muuzaji anaweza hata kukwambia kwa simu “nimekwama ya nne”. Hatua ya 2 inaanza na mahali, kisha tendo, kwa sababu macho lazima yafike mahali kabla ya mkono. Masharti nayo hutangulia: “Zikilingana, bonyeza”. Ukiandika “Bonyeza Thibitisha kama zinalingana”, yule mwenye haraka hatafika kwenye “kama”. Maneno ya kukoza yawe yale tu yanayoonekana kwenye skrini, herufi kwa herufi. Ukikoza pia “muhimu”, “kumbuka” na jina la kampuni, ukozo unapoteza kazi yake.

Hatua ya 3 ndiyo moyo wa ukurasa. Mtu akiandika 10 badala ya 1000, programu itamwambia dawa zimekwisha akiwa ameuza vidonge kumi tu, nawe utapigiwa simu kuambiwa programu ina kasoro. Sentensi hiyo huipati kwenye programu wala kwa msanifu wa kurasa. Unaipata kwenye simu unazopokea, ndiyo maana wewe uko mahali pazuri kuliko unavyodhani.

Ujumbe wa kosa uandike vilevile unavyotokea. Watu hutafuta kwa kuunakili.

Usiogope hatua zikifika tisa. Ile kanuni ya “zisizidi saba” inatokana na makala ya George Miller ya mwaka 1956 kuhusu vitu ambavyo mtu huvishika akilini kwa wakati mmoja. Hatua zako zimeandikwa, hakuna anayezikariri. Ila zikipita kumi na mbili hivi, tafuta mahali kazi inapoweza kugawika.

Na “tafadhali”? Iweke mahali pamoja, pale unapomwomba mtu avumilie usumbufu. Kwenye hatua, “Tafadhali bonyeza” mara sita humrudishia jicho neno lisilo na kazi, palepale mwanzoni mwa mstari. Msomaji wa Kiswahili hachukii “Bonyeza” kwenye maelekezo, kama asivyochukia “koroga” kwenye mapishi. Anachochukia ni kuitwa “mtumiaji” huku anajua ndiye anayeambiwa.

Kile kipimo kilichokwambia maandishi ni magumu

Kipuuze. Vipimo hivyo vingi vinatokana na fomula ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, na ile ya Flesch na Kincaid ya 1975 iliyotengenezewa jeshi la majini la Marekani. Vinahesabu urefu wa sentensi kwa maneno na urefu wa maneno kwa silabi, na vimerekebishwa kwa Kiingereza. “Hatukuwaandikia” ni neno moja lenye silabi nane, na ni sentensi kamili ambayo mtoto wa shule ya msingi anaielewa. Fomula inaliona neno la kutisha.

Ugumu wa Kiswahili cha miongozo uko kwingine. Kwanza ni virejeshi vinavyopandana: “Mtumiaji ambaye hajathibitisha mzigo uliopokelewa kutoka kwa msambazaji ambao bechi zake hazijaingizwa hataweza kuuza dawa zilizomo.” Hesabu vitenzi humo, kisha vunja: “Dawa za mzigo mpya haziuziki mpaka uthibitishe mzigo. Kabla ya kuthibitisha, ingiza bechi ya kila dawa.” Sentensi yenye vitenzi zaidi ya viwili vitatu itilie shaka. Pili ni kutendwa kusikotaja mtenda. “Bechi huingizwa kabla ya kuthibitishwa”: huingizwa na nani, muuzaji au programu yenyewe? Muuzaji atakaa asubiri programu iingize. Andika “ingiza” au “programu huingiza yenyewe”.

Tatu ni istilahi. Kitu kimoja, jina moja, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiandika “nywila” hapa, “nenosiri” pale na “neno la siri” kwingine, msomaji makini atadhani ni vitu vitatu. Chagua lile lililo kwenye skrini, hata kama unapenda jingine. Majina mengine yaweke kwenye maneno ya utafutaji ya ukurasa huo, pamoja na yale ya mdomoni: skrini inasema “ankara”, dukani wanasema “invoisi”, na atakayeandika “invoisi” kwenye kisanduku cha kutafuta lazima afike. Mkiuza hadi Kenya, ongeza “nambari” kando ya “namba”.

Video ya bosi

Bosi wako hajakosea kabisa. Video hushinda maandishi pale penye mkono na kifaa: kuingiza karatasi kwenye printa ya risiti, kushika skana ya misimbo, kuunganisha nyaya. Hushinda pia siku ya kwanza ya mteja mpya, anapotaka tu kuona programu inafananaje.

Kwa aliyekwama katikati ya kazi, hali ni nyingine. Hawezi kupitisha macho juu ya video. Ile hatua anayoitaka iko dakika ya tatu na sekunde arobaini, naye hajui. Dukani kuna kelele, sauti haisikiki. Bando linaisha. Nanyi mkibadilisha jina la kitufe kimoja, sentensi mnaisahihisha kwa dakika moja, video mnarekodi upya. Ningemshauri mtengeneze tatu au nne, kila moja kazi moja, zisizidi sekunde 90, zenye maandishi chini, na kila moja ikae ndani ya ukurasa wenye hatua zake zilizoandikwa. Kuacha maandishi, hapana.

Uanzie wapi

Usiziguse kurasa zote 64. Kwa wiki mbili andika kila simu inayoingia: aliuliza nini, kwa maneno yake mwenyewe, na alikuwa skrini gani. Mwisho wa wiki hizo panga kwa wingi. Utashangaa jinsi maswali machache yanavyobeba sehemu kubwa ya simu. Kumi ya juu ndiyo kurasa zako kumi za kwanza, na maneno ya wapigaji ndiyo vichwa vyake.

Ukishaandika tatu, zijaribu. Mpe muuzaji asiyeijua kazi hiyo ukurasa kwenye simu yake mwenyewe, si kwenye kompyuta yako, na mzigo wa mfano wa kupokea. Kisha nyamaza. Usimuulize “umeelewa?”, maana kwa adabu atakujibu “nimeelewa” hata kama hajaambulia neno. Tazama kidole chake. Kikipanda juu ya ukurasa kutafuta, hatua iliyotangulia imepungukiwa. Kikisimama kwa muda juu ya neno, neno hilo halilingani na la kwenye skrini. Akiacha simu na kuanza kubahatisha kwenye kompyuta, umempoteza. Weka alama hapo. Watu watano wanatosha kukuonyesha makosa makubwa. Rekebisha, kisha tafuta wengine watano, kwa sababu wale wa kwanza wameshajua.

PDF za zamani zinazozunguka WhatsApp huwezi kuzirudisha. Unachoweza ni kuandika chini ya kila ukurasa mpya toleo la programu na tarehe ya kusahihishwa, na kuweka toleo la mwisho la PDF lenye ukurasa mmoja tu unaoelekeza kwenye kiungo kipya.

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyamaliza peke yako mezani. Kurasa zinazogusa vipimo vya dawa zipitiwe na mfamasia, na zile za risiti za kodi zipitiwe na mhasibu. Mpangilio mzuri wa taarifa yenye kosa husambaza kosa haraka. Mkibishana ofisini kuhusu istilahi mpaka kazi isimame, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) au mhariri wa Kiswahili atawapa uamuzi mapema kuliko kura yenu. Mkianza kutoa mwongozo kwa lugha mbili na matoleo kadhaa ya programu kwa wakati mmoja, tafuteni mtu wa nyaraka za kiufundi hata wa mkataba, kwa sababu hapo kazi inakuwa ya kusimamia mabadiliko zaidi ya kuandika.

Na kama ukurasa umeujaribu, umeurekebisha mara mbili, na simu zake bado zinakuja, nenda dukani ukakae nyuma ya kaunta siku nzima. Mara nyingi utakuta kosa liko kwenye programu. Anza na ile hatua ya 3: mwombe mtayarishaji programu abadilishe lebo ya “Idadi” iwe “Idadi ya vidonge”, na pembeni yake programu ionyeshe yenyewe hiyo ni maboksi mangapi. Ikishafanyika, rudi kwenye ukurasa uifute sentensi ya maboksi.